Udaipur kwa msafiri wa Kusini: pa kulipia na pa kupita

Pesa ya korosho huanza kuonekana mikononi kuanzia Oktoba, minada ikishachanganya, na huo ndio msimu ambao Udaipur inapendeza kuliko wakati mwingine wowote. Mvua za huko hunyesha Julai hadi Septemba, kwa hiyo Oktoba maziwa yamejaa, vilima bado ni vya kijani na jua halichomi. Mwenye safari ya India, iwe ya biashara, ya kumsindikiza mgonjwa au ya kumpeleka mtoto chuo, akibakiwa na siku tatu azimalizie hapa. Siku mbili ni za mbio. Nne ni nyingi, labda kama utatoka nje ya mji.

Tuanze na hukumu. Vitu vizuri vya Udaipur karibu vyote ni vya bei ndogo au bure kabisa, na vile vya bei kubwa nusu yake havistahili. Kasri kuu lipie bila kusita. Ngoma ya jioni pale Bagore ki Haveli lipia. Boti ya machweo fikiria mara mbili. Crystal Gallery, ukumbi wa vyombo vya kioo vya kifalme, pita tu. Na dereva wa bajaji anayejitolea kukupeleka "shule ya wachoraji" mwambie asante, endelea na safari.

Mji wenyewe uko kusini mwa jimbo la Rajasthan, katikati ya milima ya Aravalli, mita kama 600 juu ya usawa wa bahari. Ulianzishwa na Maharana (yaani mfalme) Udai Singh II mwaka 1559, na miaka michache baadaye, mwaka 1568, ngome yao ya zamani ya Chittorgarh ikaangukia mikononi mwa Akbar, mfalme wa Mughal. Hapo Udaipur ikawa makao makuu ya ufalme wa Mewar moja kwa moja. Maziwa yake yametengenezwa kwa mikono ya watu. Pichola, lile maarufu, lilianza kama bwawa lililozuiwa mwaka 1362 na mfanyabiashara wa nafaka wa kabila la Banjara. Aliyewahi kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani akaliona Husuni Kubwa na lile birika lake la pembe nane ataelewa haraka: ni karne ileile ya 14, na tamaa ileile ya mtawala kukaa juu ya maji. Tofauti ni kwamba Husuni Kubwa ilihamwa ikabaki magofu, ila Udaipur paa bado zipo, vioo bado vimo ukutani, na visiwa bado vina wageni wanaolala.

Kufika huko

Kutoka Mtwara au Lindi njia ni Dar kwanza. Ndege ipo Mtwara, na basi lipo, kilomita zipatazo 560 kutoka Mtwara. Ukisafiri wakati wa masika acha angalau siku mbili kabla ya ndege ya nje, maana Mei 2024 mvua ziliikata barabara eneo la Somanga na waliokuwa na tiketi za siku ileile walizipoteza. Msimu wa korosho hauna shida hiyo sana, lakini siku moja ya akiba bado ni akili.

Air Tanzania imekuwa ikiruka moja kwa moja kutoka Dar hadi Mumbai. Kutoka Mumbai kuna ndege za ndani za kwenda Udaipur, safari ya kama saa moja na nusu. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni mzigo: ndege za ndani za India kwa tiketi ya kawaida huruhusu kilo 15 za begi kubwa na kilo 7 za mkononi, wakati ndege ya kimataifa ilikuruhusu zaidi. Kama tiketi mbili zimekatwa kando, kilo za ziada utazilipia pale kaunta, kwa bei inayouma. Ya pili ni jengo. Kimataifa unashukia Terminal 2, lakini baadhi ya ndege za ndani huondokea Terminal 1, ambayo iko upande mwingine na inafikiwa kwa gari. Weka saa nne kati ya kutua na kuruka, tano kama ni mara yako ya kwanza kupita uhamiaji wa India.

Uwanja wa Udaipur uko Dabok, kilomita kama 22 mashariki mwa mji. Ni wa ndege za ndani, mdogo, unatoka haraka. Chukua teksi ya kaunta ya kulipia kabla, au iagize gesti yako ikutumie gari.

Kwa walio Ahmedabad, na hao ni wengi kwa sababu ya hospitali na biashara, njia ya barabara ni bora kuliko kurudi Mumbai. Ni kilomita kama 260, basi hutumia saa tano hivi. Treni nayo ipo tangu reli ya njia pana ilipofunguliwa Oktoba 2022, ila huanzia stesheni ya Asarwa, siyo stesheni kuu ya Ahmedabad, na watu hukosa treni kwa kusubiri mahali pasipo. Mjini kuna pia stesheni inaitwa Ranapratap Nagar. Siyo hiyo. Shuka Udaipur City, kama kilomita tatu kutoka kwenye kasri. Tiketi za treni huandikwa saa kwa mtindo wa saa 24 na saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu; 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni ya kule.

Jambo moja la wanywaji: Gujarat, jimbo la Ahmedabad, pombe ni marufuku kisheria, na Rajasthan inauzwa. Chupa iliyobaki iache Udaipur. Magari hukaguliwa mpakani.

Viza, chanjo, pesa

Mtanzania anaomba viza ya India kwa mtandao. Tovuti ya serikali ya India inaishia na gov.in, zipo nyingine nyingi zenye rangi zilezile na bendera zilezile ambazo huongeza ada yao juu. Unahitaji picha ya pasipoti yenye mandhari nyeupe, nakala ya PDF ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, na pasipoti yenye uhai wa miezi sita na kurasa mbili tupu. Maombi hukubaliwa hadi siku nne kabla, lakini ombeni wiki mbili kabla, kwa sababu kosa la herufi moja kwenye jina hurudisha fomu nyuma. Sisi wenye majina matatu ndio tunaokosea zaidi: andika jina la ukoo na majina mengine kama pasipoti ilivyoyagawa, hata kama nyumbani unaitwa tofauti. Chapisha kibali kwenye karatasi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, hasa kama ndege yako inapitia Addis Ababa au Nairobi. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa na cheti ni cha maisha. Asiyekuwa nayo na ametoka au amepitia nchi iliyo kwenye orodha ya India anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na hapo Udaipur imeshakwisha.

Shilingi haibadilishiki kule. Beba dola safi, zisizochanika wala kuandikwa, pamoja na kadi ya benki uliyoiarifu benki yako kuwa inasafiri. Kwa hesabu ya haraka zidisha rupia kwa 30 upate shilingi za kukadiria. Wenyeji hulipa kila kitu kwa simu, hata chai ya barabarani, lakini mfumo wao kwa kawaida unadai namba na akaunti ya kule, kwa hiyo mgeni abaki na noti ndogondogo. Laini ya simu hupatikana kwa pasipoti na viza. Huweza kuchukua saa kadhaa kuwaka, basi usiitegemee jioni ya kwanza. Na chaja yenye pini tatu za mraba haiingii kwenye soketi zao za matundu ya duara. Adapta inunue Dar.

Kasri kuu

City Palace ndiyo sababu ya safari. Ujenzi ulianza na Udai Singh mwenyewe na kila mfalme aliyefuata akaongeza kipande chake, kwa takribani miaka 400, hadi upande unaotazama ziwa ukafikia urefu wa mita zipatazo 244. Ajabu ni kwamba kwa nje unaliona kama jengo moja.

Hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Fika wakati huohuo. Kuanzia saa tano makundi ya mabasi huingia, na njia ya ndani ni ya upande mmoja, yenye milango mifupi na ngazi nyembamba zinazopinda. Ilijengwa hivyo makusudi, ili adui akiingia aingie mmojammoja huku ameinama. Leo adui ni foleni: mtu mmoja akisimama kupiga selfi kwenye ngazi, watu 60 nyuma yake wanasimama gizani. Mzee mwenye goti bovu au mwenye pumu afikirie vizuri, kwa sababu ukishaanza njia hiyo kurudi nyuma ni kugombana na mkondo.

Ukiingia kwa Badi Pol, lango la mwaka 1600 upande wa kaskazini, unakutana na matao ya marumaru ambamo wafalme walipimwa uzito wao kwa dhahabu au fedha, kisha mali hiyo ikagawiwa. Ndani zingatia vitu vitatu na vingine vipite kwa mwendo wa kawaida. Mor Chowk ni ua wenye tausi watatu wa vipande vya vioo vya rangi, kama vipande 5,000, kazi ya karne ya 19. Simama upande ambao jua linawapiga. Badi Mahal ni bustani yenye miti mikubwa ambayo unaikuta baada ya kupanda ghorofa kadhaa, na unashangaa mizizi inakwenda wapi. Jibu ni kwamba kasri limejengwa kulizunguka jabali la asili lenye urefu wa kama mita 27, na bustani imekaa juu ya hilo jabali, ardhini kabisa. Cha tatu ni Krishna Vilas, chumba kidogo cha michoro midogo chenye kumbukumbu ya binti wa mfalme, Krishna Kumari, aliyekufa kwa sumu mwaka 1810 baada ya Jaipur na Jodhpur kupigana kwa ajili ya kumposa. Waongozaji wengi huko hupita kwa dakika moja, pengine kwa sababu hakuna dhahabu ya kuonyesha.

Tenga saa tatu. Mwongozaji mwenye kitambulisho cha leseni anasaidia, lakini mkubaliane bei na muda kabla ya lango, na mwambie wazi hamtaki kuishia dukani. Crystal Gallery ina tiketi yake, na ni ghali. Ni samani za kioo ambazo Maharana Sajjan Singh aliziagiza kutoka kampuni ya Osler ya Birmingham mwaka 1877. Alifariki mwaka 1884, na vyombo vikakaa masandukuni zaidi ya miaka 100. Hadithi ni nzuri kuliko vyombo. Picha hairuhusiwi.

Maji: boti, ngazi na mwanga

Kasri jeupe linaloelea katikati ya Pichola, lile la kwenye kalenda, ni Jag Niwas, lililojengwa kati ya mwaka 1743 na 1746 na Maharana Jagat Singh II. Leo ni hoteli, Taj Lake Palace. Asiyelala pale hashuki pale. Hili tuliseme wazi kwa sababu wauza tiketi wa mitaani hulitaja kwa namna ya kukufanya uamini utaingia. Boti inalizunguka tu. Kisiwa unachoshuka ni Jag Mandir, ambako mwanamfalme Khurram, ambaye baadaye akawa Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal, alipewa hifadhi alipomwasi baba yake miaka ya 1620. Kuna tembo wa mawe wanaolinda gati, bustani, na mgahawa wa bei ya kisiwani. Kunywa maji yako kabla.

Boti za gati la ndani ya eneo la kasri ni safi na zina jaketi okozi kwa kila mtu, ila bei ni ya juu, na ikifika alasiri inapanda tena kwa jina la machweo. Wanaolipa bei hiyo mara nyingi hukaa katikati ya benchi, wakipiga picha ya vichwa vya wenzao. Boti za Lal Ghat (ghat ni ngazi za kushukia majini) na za Dudh Talai ni za bei nafuu zaidi; nyingi huzunguka bila kushuka kisiwani. Ulizeni mambo mawili kabla ya kulipa: inashuka Jag Mandir au haishuki, na ni dakika ngapi. Jaketi livae, hata kama nahodha anacheka. Sisi watu wa pwani huwa na kiburi cha maji.

Ushauri wetu ni kupanda boti mchana kwa bei ya mchana, kisha machweo uyatazame kutoka nchi kavu. Kasri liko ukingo wa mashariki na linatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake, kwa hiyo uso wake wa ziwani una kivuli na picha hutoka kijivu. Kuanzia saa kumi alasiri jua linaupiga uso huo mpaka unakuwa rangi ya asali. Mahali pa kusimama ni Ambrai Ghat, ng'ambo, upande wa Hanuman Ghat. Unavuka daraja la miguu la Daiji kutoka Gangaur Ghat, mwendo wa dakika chache. Fika mapema, maana ngazi hujaa. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili. Kaa mpaka taa za kasri ziwake.

Kabla ya kukata tiketi yoyote ya boti, tazama maji. Mwaka wa mvua haba Pichola hushuka, na katika ukame mkali limewahi kukauka hadi watu wakatembea kwa miguu mahali boti zinapopita. Mei na Juni ndiyo hatari zaidi, na joto nalo hugusa nyuzi 40.

Fateh Sagar, ziwa la kaskazini, ni la wenyeji. Bwawa lake lilijengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1880 chini ya Maharana Fateh Singh. Jioni familia zinatembea, wanakula mahindi ya kuchoma. Kwa mtu wa Mtwara ni kama kwenda kupunga upepo Shangani, na gharama yake ni hiyohiyo.

Jioni na vilima

Ngoma ya Dharohar huchezwa saa moja usiku katika ua wa Bagore ki Haveli, nyumba ya karne ya 18 iliyojengwa na Amar Chand Badwa, waziri mkuu wa Mewar, pale pale Gangaur Ghat. Ni saa moja ya ngoma za Rajasthan, vibaraka vya mbao, na mwanamke anayecheza huku vyungu vikiongezwa kichwani mwake kimoja juu ya kingine. Kwa rupia zake hakuna kitu bora mjini. Kasoro ni viti: wengi hukaa chini kwenye magodoro, na aliyefika saa moja kasorobo huona migongo. Panga foleni saa kumi na mbili. Kamera ina malipo yake.

Sajjangarh, kasri la kilimani la mwaka 1884, liko mita 944 juu ya usawa wa bahari, ndani ya hifadhi ya wanyama. Bajaji haziruhusiwi kupanda. Zinakuacha getini, unalipa kiingilio, kisha unalipa tena jipu za kukupandisha. Dereva wa bajaji huwa "anasahau" kuyataja malipo hayo mawili. Jengo ni tupu. Unakwenda kwa ajili ya kuona jinsi maziwa yalivyokaa kati ya milima, na kwa hilo linatosha. Asiye na muda apande kile kilima cha karibu na Dudh Talai kwa vibanda vya kamba ya chuma, vilivyoanza mwaka 2008. Ila epuka saa ya machweo, foleni huweza kula jioni yote.

Hekalu la Jagdish, la mwaka 1651, liko hatua chache kutoka Badi Pol. Ngazi 32, viatu unaviacha chini, mawe mchana yanaunguza, kwa hiyo vaa soksi. Hufungwa kipindi cha mchana.

Kulala

Lal Ghat na Gangaur Ghat ni karibu na kila kitu, na ni kelele: pikipiki, kengele za hekalu, na kuanzia Novemba hadi Februari harusi. Udaipur ni mji wa harusi za matajiri wa India. Wakati huo fataki hulia usiku, bei za vyumba hupaa, na Jag Mandir huweza kufungwa kwa sherehe ya mtu. Hanuman Ghat, ng'ambo, ni tulivu zaidi na ndiyo chaguo letu.

Nyumba nyingi za wageni ni majumba ya zamani: nzuri kwa macho, ngazi kali, hakuna lifti. Ukiambiwa chumba kinaona ziwa, uliza kama ni dirisha la chumba au ni paa la juu ambalo wote hulitumia. Omba picha ya dirisha lenyewe. Uliza pia kama wanaruhusiwa kupokea wageni wa nje ya India, kwa sababu kila mgeni lazima asajiliwe serikalini kwa fomu, na gesti zisizo na utaratibu huo hukugeuza mlangoni usiku na begi lako. Desemba na Januari usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 na vyumba vya bei nafuu havina kipasha joto. Mtu wa Lindi aliyezoea feni atateseka. Sweta mbili, soksi, na omba blanketi la pili kabla hawajafunga mapokezi.

Mtu mweusi hutazamwa sana mitaani, na huombwa picha. Mara nyingi ni udadisi tu. Ukikataa kwa tabasamu wanaelewa.

Kula

Chakula kikuu ni dal baati churma. Baati ni donge gumu la unga wa ngano lililookwa. Unalivunja, wanalimwagia samli, halafu dengu juu yake, na pembeni churma, unga wa ngano uliosagika na kukaangwa kwa samli na sukari. Ni kizito. Sahani moja mchana, usiku utataka matunda. Gatte ni vidonge vya unga wa dengu katika mchuzi wa mtindi, na hivi huwapata hata wasiopenda chakula cha Kihindi. Kwenye thali, sahani kubwa ya vibakuli, wahudumu huongeza bila kuuliza hadi ufunike kwa mkono useme "bas".

Hoteli nyingi hazipiki nyama kabisa, na ng'ombe usimtafute, kuchinjwa kwake ni kosa kisheria jimboni. Laal maas ni nyama ya mbuzi au kondoo kwa pilipili nyekundu nyingi mno. Pilipili yetu ya Kusini haifiki hapo. Sema "kam mirchi" wapunguze. Mwislamu anayetaka halali aulize eneo la Bohrawadi, mji wa kale, ambako Mabohora wameishi vizazi vingi, wa jamii ileile ya Mabohora walioko Dar. Ukikosa, mboga na dengu zitakufikisha.

Kununua

Udaipur ni nyumba ya uchoraji mdogo wa brashi za nywele chache, na wachoraji wa kweli wapo. Shida ni njia ya kuwafikia. Bajaji ikikupeleka, kuna cha juu cha dereva ndani ya bei, na si kidogo. Nenda kwa miguu. Mchoro wa mkono ukiutazama kwa karibu mistari ina unene tofauti. Wa kuchapwa una nukta ndogo za rangi. Ukiambiwa umechorwa juu ya pembe, ondoka: pembe za ndovu ni kosa India na ni kosa kubwa zaidi ukishuka nazo Dar. Vitambaa vya bandhani vya kufungwa na kutiwa rangi viko Bada Bazaar, na vya kweli vina vivimbe vidogo pale vilipofungwa uzi. Anza na nusu ya bei unayotajiwa. Akikubali haraka mno, ulianzia juu.

Siku ya kutoka nje

Kama una siku ya nne, kodi gari la siku nzima kwenda Kumbhalgarh na Ranakpur. Kumbhalgarh ni ngome ya karne ya 15 ya Rana Kumbha, kilomita kama 85 kutoka mjini, yenye ukuta wa kilomita 36. Ranakpur ni hekalu la marumaru lenye nguzo 1,444, la Wajaini, waumini wa dini moja ya kale ya India. Mpangilio ni muhimu: Ranakpur asiye Mjaini huingia kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni, kwa hiyo anza na ngome, shuka kwenye hekalu alasiri. Madereva wengine hugeuza njia kwa urahisi wao, mkafika hekaluni saa tatu mkakaa nje. Ngozi hairuhusiwi ndani, mkanda na pochi vikiwemo. Mabega na magoti yafunikwe, kwa hiyo kanga begani ni msaada. Wanawake walio kwenye siku zao hawaruhusiwi, tangazo liko mlangoni. Bei ya gari ijumuishe mafuta, maegesho, ushuru wa barabara na posho ya dereva, na iandikwe. Ondokeni saa moja asubuhi. Barabara kati ya sehemu hizo mbili ni ya kona za milimani, na mwenye kutapika akae mbele.